Kisima Machoni pa Ndoo

Majengo, Dodoma
3 Desemba

Mdogo wangu Jordan,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujanisalimia, kwa sababu ukifika katikati ya barua hii hutakuwa na hamu ya kuniamkia, na mimi shikamoo yangu siachi ipotee hivihivi. Basi marahaba, na habari za hapo Haneti? Mama Anna anaendeleaje na mguu wake? Mwambie ile dawa ya kuchua niliyompa asiipake juu juu kama mtu anayejirembesha, asugue mpaka ngozi ipate moto. Na mashine yako ya kukamua alizeti imekaa sawa, au bado inakohoa? Huku kwetu joto ni la kuunguza, vumbi limeingia hadi kwenye kopo la chumvi, na mawingu yanakuja jioni, yanatutazama, halafu yanajiondokea. Nasikia huko wengine wameshapanda kavukavu wakiomba mvua iwakute. Mungu awasikie.

Anna ni mzima. Anakula, analala, hana homa. Nalisema hilo mapema ili usisome yanayofuata ukidhani mtoto anaumwa.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu yako inashinda mfukoni. Simu nimejaribu. Jumapili nilikupigia, ukapokea kwa kicheko, nyuma yako watu wanakuita Baba Kipaji, ukaniuliza kama tranka la shule nimenunua la bati nene au jembamba, na kabla sijafungua mdomo ukampa mchungaji simu anipongeze. Kwenye WhatsApp ndiyo usiseme, wewe unajibu kwa sauti kabla hujamaliza kusoma. Barua haikatwi kauli. Nimempa Hamidu, yule mnunuzi wa alizeti anayekuja kwako kila wiki, akukabidhi mkononi, na nimemwonya asikae kukuangalia usoni wakati unasoma.

Tranka sijanunua, Jordan. Wala godoro, wala ile sweta ya kijani. Na sitanunua. Ninajua umeshatangaza kanisani kwamba mwanao amechaguliwa shule ya wenye vipaji, ninajua umeshachinja mbuzi, na ninajua jina la Baba Kipaji limekukaa vizuri mabegani. Nakuomba tu usome hadi mwisho ndipo uanze kutukana.

Unakumbuka Januari ulipomleta. Ulikaa kwenye kochi langu, hata chai hujanywa, ukaanza kunieleza habari za ile shule iliyofunguliwa barabara ya Iringa. Ukasema inachukua watoto wanaoanza darasa la tano wenye akili isiyo ya kawaida, inawasomesha kwa fedha za wafadhili hadi kidato cha sita, na mtoto akishaingia mle mzazi umeshapumua. Ukasema kuna mwalimu mmoja hapa Majengo, Brighton, ambaye anawaandaa watoto kwa ajili ya usaili wake, na karibu wote wanaopita mikononi mwake wanachukuliwa. Mimi nikakuuliza swali la kijinga: kama shule inatafuta mtoto aliyezaliwa na kipaji, huyo Brighton anamfundisha nini? Ukanicheka. Ukasema dada, wewe ni mwalimu miaka yote hiyo lakini dunia huijui. Watoto wa wakubwa wa wizarani wanafundwa, wa madaktari wanafundwa, halafu wetu wa Haneti aende kichwa kitupu akashindane na waliopikwa? Na nikuambie kwa haki, sehemu hiyo ya maneno yako mpaka leo siipingi. Ila nilichokiona baada ya hapo ndicho kilichonifanya niandike barua hii.

Kwanza nikukumbushe mtoto uliyenikabidhi, maana nadhani umemsahau. Mimi namwita mama, kwa kuwa amebeba jina la marehemu mama yetu, naye huitikia kwa madaha kama mtu mzima. Wiki zile za mwanzo alinichosha kwa maswali mpaka nikawa najificha jikoni. Alitaka kujua kwa nini punda wanaouza maji hapa mtaani hawana majina ilhali kila mtu anawafahamu. Alitaka kujua kwa nini watu wa mjini husalimiana huku wanatembea, na kama salamu haidondoki njiani. Aliliona simtanki jeusi la maji juu ya paa la jirani akaniuliza yule mama hachoki kuota jua. Nilicheka nikamwaga unga wote mezani. Darasani nimefundisha watoto wengi, wenye akili na wasio nazo, lakini huyu alikuwa anaiona dunia kutoka upande ambao sisi hatujawahi kusimama.

Siku ya kwanza kwa Brighton walipewa karatasi yenye mduara mtupu katikati, wakaambiwa waugeuze kuwa kitu chochote wanachotaka. Ndilo jaribio la ubunifu la ile shule, kila mwaka wanalitoa. Wenzake walichora mpira, jua, saa ya ukutani. Anna alizungushia mduara wake vichwa vya wanawake, vyote vimeinama vinatazama ndani, khanga zimening'inia, na mkono mmoja umeshika kamba. Alirudi nayo nyumbani kunionyesha. Nilipomuuliza ni nini akashangaa kwamba sioni. Akaniambia ni kisima, kama ndoo inavyokiona ikiwa huko chini. Jordan, hebu fikiria. Mimi na wewe tumechota maji kwenye visima vya korongo la Haneti utoto wetu wote, tumegombana na foleni, tumedondosha ndoo humo tukachapwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiria kwamba ndoo nayo inatuona.

Brighton naye aliipenda sana ile picha. Aliomba abaki nayo, Anna akampa kwa furaha.

Sasa nikueleze hicho kituo, kwa sababu wewe ulikiona siku ya kulipa ada tu. Kiko ghorofani, juu ya ghala la mahindi, unapanda ngazi huku umebana pua kwa vumbi la pumba. Ukutani kuna bango kubwa linasema Kipaji Kinatengenezwa. Brighton mwenyewe ni kijana wa mashati ya kubana, manukato yake yanakupokea ngazini kabla yake, naye kila mzazi wa kike humwita mama mlezi wa taifa. Mara ya kwanza aliponiita hivyo niliangalia nyuma nione kama kuna mgeni rasmi. Watoto wanakwenda pale wakitoka shule, jioni hadi giza, Jumamosi kutwa, na likizo ya Juni wamelala hukohuko kambini kwenye mikeka. Wewe likizo ile ulikuwa unauliza kwa nini Anna hajaja kuvuna. Alikuwa anavunwa yeye.

Nilitegemea nitakuta hesabu na Kiingereza. Lo! Walikuwa wanafundishwa kuonekana. Mtoto anafundishwa aweke kidole kidevuni na anyamaze kidogo kabla ya kujibu, hata kama jibu analijua, maana mwenye kipaji lazima aonekane anafikiri. Anafundishwa kusema anapenda mchezo wa chesi, na mle ndani hakuna hata ubao wake wa kuutazama kwa mbali. Anafundishwa mwishoni mwa usaili amuulize msaili swali moja la kumshangaza, kwamba je, na wewe ulipokuwa na umri wangu ulikuwa na ndoto gani? Yale mafumbo ya maumbo ambayo mtoto anatakiwa akae nayo, ayageuze kichwani, akosee, ajaribu tena, wao wanayakariri kwa ukurasa: hili jibu ni la pili, lile ni la nne. Mtoto wa miaka kumi anafundwa kuigiza kuwa na akili kama vile mtu anavyofundwa kuigiza harusi. Niliona kinyaa, mdogo wangu. Mimi ni mwalimu, nimefundisha wakati hatuna chaki wala madawati, lakini sijawahi kumfundisha mtoto kudanganya kwa kidevu chake.

Mambo hayo yakaja mpaka mezani kwangu. Jioni moja nimesonga ugali wa uwele, nimepika mlenda, nikamuuliza Anna kama anataka kuongezewa. Akaweka kidole kidevuni. Akanyamaza. Halafu akanijibu kwa sauti isiyo yake kwamba hilo ni swali zuri. Kwanza nilicheka, nikadhani ananitania. Hakuwa ananitania. Nilikupigia kesho yake nikakwambia mtoto huyu anaharibika, nawe ukanijibu nivumilie mpaka Oktoba, kwamba hata dawa ni chungu. Nikavumilia. Na maswali yakawa yanapungua nyumbani mwangu, siku hadi siku, mpaka nikajikuta napika kwa utulivu kama mtu asiye na mtoto.

Oktoba ikafika. Ile shule iliomba walimu wachache wa msingi wakasaidie kwenye usaili, mkuu wangu akanipendekeza. Nilipoona orodha na jina la Anna limo kwenye chumba nilichopangiwa, nilimfuata mwenyekiti wa jopo, Bwana Wambura, nikamweleza kwamba kuna mtoto wa mdogo wangu, basi nihamishwe. Alinicheka kwa upole kabisa. Akasema kaa tu mama, hapa kila mmoja ana wake. Nikatazama wasaili wenzangu mmoja mmoja, nao wakawa wanachagua sambusa. Na kwenye meza hiyohiyo ya chai, Jordan, alikuwepo Brighton. Ametulia, mguu juu ya mguu, anamwita Wambura kaka, anamwekea sukari. Hapo nikafahamu kwa nini maswali ya kituoni na maswali ya usaili tuliyokabidhiwa yanafanana kama pacha. Chai ile sikuimaliza.

Tukaanza. Karatasi ya kwanza ya mduara ikaletwa mezani, nikaona vichwa vya wanawake vimezunguka vinatazama ndani. Nikatabasamu, nikajua ni Anna. Nikainua macho, amesimama mtoto wa kiume simjui. Ya pili, vichwa. Ya tatu, vichwa. Watoto wa mjini, wengi wao maji wanayajua ya bomba tu, wote wanachora kisima kama ndoo inavyokiona. Mmoja ameweka koki katikati ya kisima. Mwingine amewageuza wale wanawake, wanatazama nje, migongo kisimani, kama wamenuniana. Mmoja nilimuuliza hiyo ndoo huko chini inafanya nini. Akaweka kidole kidevuni, akanyamaza kama alivyofundwa, akanijibu kwamba inafikiri.

Wambura alikasirika, au alijifanya amekasirika, sijui. Akasema huu ni wizi, picha hiyo yeyote aliyeichora apewe sifuri. Tukaandika sifuri. Mimi pia niliandika, kwa mkono wangu huu, nikijua ni picha ya nani.

Katikati yao akaingia msichana mmoja kutoka Kibakwe, ameletwa na mjomba wake, hajapita kwa Brighton wala kwa yeyote. Mduara wake ameugeuza kuwa chapati. Alipoulizwa anapenda kufanya nini akiwa na nafasi, akasema kulala. Jopo zima likaangua kicheko. Mimi nilimuuliza hiyo chapati kwa nini upande mmoja umeungua, akaanza kunieleza kwamba mama yake hupika huku anamnyonyesha mdogo wake, kwa hiyo upande wa chapati ulio kwenye mkono anaoshikia mtoto ndio humponyoka ukaungua. Nilikuwa nataka kumsikiliza zaidi, lakini Wambura akagonga kalamu mezani, muda umekwisha. Hilo ndilo lile neno lako, Jordan. Asiyefundwa anapita mbele ya watu wale kama hayupo. Ulisema kweli. Ila umeona ni nani wanaomfanya asionekane? Ni hawahawa tuliowapelekea wetu wawapike.

Akaingia Anna. Akanitazama mara moja, akaacha, kama vile alivyoagizwa. Nikaivuta karatasi yake kwa pupa. Hapakuwa na kisima. Palikuwa na jua limevaa miwani linasoma gazeti. Limechorwa vizuri, limenyooka, halina kosa. Wambura akaliinua juu ili wote walione, akasema hiki sasa ndicho tunachokitafuta, na jopo likampigia makofi. Nilimuuliza mwenyewe wazo lile amelipata wapi. Kidole kidevuni, kimya, halafu akasema aliamua kuwaza kwa mtazamo wa tofauti. Ilikuwa sauti ya Brighton tupu, hata ule mkunjo wa midomo ulikuwa wake. Kisha akaniuliza, mimi, shangazi yake ninayemsuka nywele kila Jumapili, kwamba je, na wewe ulipokuwa na umri wangu ulikuwa na ndoto gani?

Nilimjibu kwa kutikisa kichwa tu.

Nyumbani sikumuuliza siku ile. Nilingoja mpaka tulipokuwa tunachambua mboga uani, maana mikono ikiwa na kazi mdomo hauogopi. Akanisimulia. Brighton aliibandika picha ya kisima ubaoni, akawataka wote waichore mpaka waizoee. Anna mwanzoni alifurahi, alidhani ni heshima, darasa zima linachora kisima chake. Akawa anazunguka kuwaelekeza kamba inavyokaa. Usaili ulipokaribia, Brighton akamwita pembeni akamwambia yeye asiichore tena. Alimwambia wasaili wataichoka, na kwamba yeye kama mwanafunzi wake bora amemwekea nyingine ambayo imetoka Dar es Salaam na hakuna mwenzake aliyeiona. Ndiyo lile jua la miwani. Anna akauliza kama anaweza kuwaambia watu kwamba kisima ni chake. Brighton akamkataza, akasema akifanya hivyo wenzake wataonekana wameiga na yeye ataonekana mbinafsi.

Kwa hiyo ndugu yangu, picha iliyotoka kichwani mwa mwanao ilipata sifuri mikononi mwa watoto wa watu, na picha ya mtu wa Dar asiyemjua ndiyo iliyompa nafasi. Hicho ndicho kipaji ulichomchinjia mbuzi. Anna mwenyewe anajua. Aliniambia kwamba walipopiga makofi aligeuka nyuma kuangalia ni nani ameingia.

Matokeo yakatoka, ukapigiwa simu na Brighton kabla hata mimi sijasikia, na wewe ukaanza kuniagiza tranka. Nikasema ngoja, huenda mtoto akipumzika atarudi. Nikamnunulia karatasi nyeupe na kalamu za rangi, nikamwambia achore chochote apendacho. Akaniuliza kipi kinachotakiwa. Nikamwambia hakuna kinachotakiwa. Akakaa na kalamu mpaka chai yake ikapoa, kisha akairudisha mezani kwa adabu na kuniomba radhi. Nikajaribu siku nyingine, na nyingine. Nikajaribu hata kumchokoza, nikamwonyesha simtanki la jirani nikamuuliza yule mama leo anaendeleaje. Akalitazama, akasema hilo ni tangi la maji, shangazi.

Kusema kweli, nilikasirika hata na wewe. Nilikaa uani nikakutukana kimoyomoyo kwa Kigogo na kwa Kiswahili. Mtoto amekuja kwangu anatoa maji mwenyewe kama chemchemi, tumemfukia, halafu tunawaita watu waje kushangilia shimo. Na wanaolipwa kwa kazi hiyo wananukia vizuri na wanatuita walezi wa taifa. Pfuu!

Sasa nakuja kwenye lenyewe, na hapa ukitaka kukaa, kaa. Alhamisi iliyopita nilivaa gauni langu la mikutano nikapanda bajaji mpaka ile shule. Nikamwambia karani nimekuja kurudisha nafasi ya Anna Jordan Matonya. Karani, binti mmoja wa Mvumi, Mgogo mwenzetu, akasema jambo hilo hulifanya baba wa mtoto peke yake. Nikamwambia mimi ndiye baba. Akanitazama. Nikamwambia mimi ni shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, tumbo moja. Binti wa watu akasimama, akaniamkia upya, akavuta kiti. Wambura akatoka ofisini kusikia kuna nini. Akasema kwenye fomu hakuna mahali pa shangazi. Yule karani akamjibu taratibu kwamba huku kwetu shangazi ni baba, tofauti yake ni gauni tu. Wambura akaniuliza kama baba mwenyewe anajua. Nikamwambia atajua. Nilimweleza habari ya kisima tangu mwanzo mpaka mwisho, akanisikiliza huku anatazama saa, akasema atalifuatilia. Hatalifuatilia. Nikatia sahihi yangu kwenye mstari wa baba.

Nafasi ile imeshapewa mtoto mwingine, Jordan. Nimeuliza, hakuna kurudi nyuma. Mtoto huyo ni nani sijui, na sitajidanganya kwamba ni yule wa Kibakwe. Pengine ni mmoja wa wale waliochora koki kisimani. Sijaitengeneza dunia. Nimemtoa wetu tu.

Utasema nilipaswa kukuuliza kwanza. Ni kweli. Sikukuuliza kwa sababu ungekataa, na ukishakataa nisingeweza kufanya bila kukuvunjia heshima, kwa hiyo nimechagua kukuvunjia heshima kabla hujakataa. Kama unataka kuniitia kikao cha ukoo, niite, nitakuja na nitaketi chini kama mshitakiwa. Na usidhani sikuogopa. Nimewaza usiku na mchana kwamba labda nimemnyang'anya mtoto elimu ya bure mpaka kidato cha sita, kwamba miaka ijayo atanilaani. Inawezekana. Lakini nilijiuliza atakwenda kusoma kama nani mle ndani. Wangemngoja kila siku awaletee jua lingine lenye miwani, naye angekuwa anakwenda kulinunua kwa Brighton.

Mwakani, ukikubali, ataanza darasa la tano shuleni kwangu, darasa la watoto wengi na madawati machache. Siahidi maajabu. Akirudia kuuliza habari za punda nitafurahi. Asiporudia, nitampenda hivyohivyo.

Nisalimie sana Mama Anna, mwambie asinichukie kabla hajamsikiliza mwanawe. Mchungaji mpe salamu zangu na umwambie zile pongezi namrudishia, azitumie kwa mwingine. Majirani wakikuuliza, waambie dada yako ana kichaa, mimi sitakanusha. Hamidu mpe chakula kabla hajaondoka, ana njaa ya kudumu yule.

Limebaki moja. Jumamosi nampandisha Anna basi la asubuhi aje kwenu likizo. Nilipomwambia kwamba haendi tena shule ile, hakulia wala hakufurahi. Aliniuliza tu iwapo mtu ambaye hakuchaguliwa anaruhusiwa kurudi nyumbani. Nimemwambia ndiyo. Nimemwambia baba yako atakuwa amesimama stendi, atakuona kabla hujashuka. Nimesema hivyo kwa kinywa chako bila kukuomba. Mimi nikasirikie unavyotaka, mpaka uchoke. Lakini Jumamosi uwepo stendi.

Ni mimi dada yako,
Hana Matonya